Santuri ya Nairobi, ya Ufaransa au ya India: jinsi ya kulinganisha sauti bila kudanganyika

Mkusanyaji wa santuri wa Arusha au Moshi hukuta wimbo mmoja katika nakala mbili tatu: ya Kenya iliyopitia Namanga, ya Ufaransa, au muziki wa filamu uliochapwa India na Uingereza. Hukumu hutoka upesi: "Ya Ulaya ni safi, ya Nairobi inakwaruza." Mara nyingi hukumu hiyo haihusu nchi kabisa. Inahusu vumbi, sindano nzito iliyoilima santuri katika baa kwa miaka, au nakala moja kusikika juu kidogo kuliko nyingine. Ondoa hayo kwanza, ndipo uhukumu kiwanda.

Hatua ya 1: Soma namba zilizochongwa

Lebo na jalada havitoshi. Inamisha santuri chini ya taa ya pembeni, utazame sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Utaona namba na herufi zilizochongwa kwa mkono au kugongwa. Huo ndio ukoo wa santuri. Wimbo huchongwa kwanza kwenye sahani ya laka, kisha hutengenezwa mabamba ya chuma, moja likizaa jingine, hadi kufikia bamba la kuchapia. Kiwanda cha nchi nyingine kiliweza kuletewa bamba, au kuletewa nakala ya tepu na kuchonga upya.

Namba zikilingana, mchongo ni mmoja: tofauti unayosikia ni ya plastiki, ya uchapaji au ya uchakavu. Zikitofautiana, mchongo ni mwingine, na huenda hata tepu iliyotumika si ileile. Kila tepu inaponakiliwa, mvumo huongezeka na sauti nyembamba za juu hufifia. Kwa sababu hiyo usiidharau santuri ya Nairobi. Nyimbo za bendi za Tanzania za miaka ya 1960 na 1970 zilichapwa huko, na nakala hiyo inaweza kuwa karibu na tepu mama (ile ya kwanza ya studio) kuliko toleo la Ulaya la miaka ya baadaye.

Hatua ya 2: Osha zote kwa namna moja

Usitumie maji ya bomba. Maji ya Arusha yana madini mengi, na yakikauka huacha ukoko ndani ya mifuo, yaani mistari ambamo sindano hupita. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Soma chupa vizuri usije ukanunua asidi. Changanya sehemu 3 za maji na sehemu 1 ya alkoholi ya aisopropili, tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita. Piga brashi laini kwa kufuata mzunguko, suuza kwa maji yaleyale matupu, kausha wima. Lebo isilowe. Zile nzito za kasi ya 78 (mizunguko kwa dakika) zisiguswe na alkoholi, kwani ni za shelaki, utomvu mgumu ambao alkoholi huuyeyusha.

Hatua ya 3: Weka pleya sawa

Pima uzito wa sindano kwa mizani midogo ya vito, kama ile wanayotumia wauza tanzanite. Vichwa vingi vya sindano vinataka gramu 1.5 hadi 2.5, fuata karatasi ya mtengenezaji. Sahani ya mizani ikiwa ya chuma, sumaku ya kichwa itavutwa na kipimo kitadanganya, kwa hiyo weka kipande cha plastiki juu ya sahani ili kichwa kikae mbali nayo.

Kagua kasi kwa karatasi ya duara yenye mistari 180, chini ya balbu ya nyuzi inayotumia umeme wa gridi wa hezi 50: kwa kasi ya 33⅓ mistari huonekana imesimama. Taa nyingi za LED hazifai kwa kazi hii. Usilinganishe kwa umeme wa jenereta. Pleya nyingi za zamani hufuata hezi za umeme, na jenereta ikiyumba wimbo nao hupanda au kushuka.

Usiku wa Julai, Arusha ikiwa na baridi, mpira unaoshikilia sindano hukakamaa na sauti hubadilika. Subiri chumba kifike nyuzi 20 hivi.

Hatua ya 4: Linganisha ukubwa wa sauti

Hapa ndipo wengi hupotea. Nakala iliyo juu kwa desibeli 1 tu (kipimo cha ukubwa wa sauti) husikika "bora", wala huitambui kuwa imezidi sauti. Rekodi kila nakala kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity, chagua sekunde 30 zilezile, pima wastani wa nguvu (RMS), kisha punguza iliyo juu hadi tofauti iwe chini ya desibeli 0.2. Usitumie kilele, yaani sauti ya juu kabisa: mkwaruzo mmoja huruka juu kuliko tarumbeta. Ikiwa nakala moja ni ya mono (sauti ileile katika spika zote mbili), sikiliza zote kwa mono.

Hatua ya 5: Jua pa kusikiliza

Kwenye santuri ya inchi 12 ya kasi ya 33⅓, mfuo hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde ukingoni, na 21 hivi karibu na lebo. Wimbo wa mwisho una nafasi finyu, na herufi "s" na "sh" huchanika. Ukiuweka mbele ya santuri ndogo ya kasi ya 45 ya Nairobi, unalinganisha kasi na nafasi, si nchi.

Sikiliza ukimya kati ya nyimbo: mngurumo na ukwaruzo wa kudumu ni wa plastiki. Mlio kama zipu inayofunguliwa, mara nyingi upande mmoja wa spika, ni plastiki iliyoshindwa kujaza mfuo kiwandani, kuosha hakusaidii. Sauti ya mwimbaji ikichakaa tu anapopaza, hiyo ni kazi ya sindano nzito iliyoilima santuri zamani. Noti ndefu ikiyumba, tazama mkono wa pleya: ukienda kulia na kushoto kila mzunguko, tundu haliko katikati. Kwa zenye tundu kubwa la milimita 38, badilisha kwanza pete ya katikati, maana iliyolegea huleta kasoro hiyohiyo.

Hatua ya 6: Jaribu bila kuona

Mwenzako acheze rekodi hizo kwa kurusha sarafu, mara 10, nawe useme ni ipi. Anayebahatisha hupata 9 au zaidi karibu mara 1 kwa 100; 8 au zaidi, kama mara 5 kwa 100. Ukipata 6, tofauti haijathibitika.

Ukipata 9, tafuta nakala ya pili yenye namba zilezile kabla ya kuitaja nchi. Kasoro ikijirudia mahali palepale katika nakala zote mbili, ni ya bamba au ya mchongo. Ikiwa katika moja tu, ni ya santuri hiyo peke yake.