Somo: Anzieni kwenye ufunguo wa stoo — kuwalinda watoto na watu wazima wasioweza kujitetea ndani ya kikundi chenu

Wanachama, habari za jioni. Wengi mmeomba tulizungumze jambo hili, hasa nyinyi ambao vikundi vyenu vimeanza kupokea watoto wa masomo ya jioni na kutembelea wazee majumbani. Nitaeleza tunavyofanya sisi huku Tanga, pamoja na tulipokosea. Sheria nitakazotaja ni za Tanzania Bara. Wa Kenya na Zanzibar nimewajibu kwenye maswali.

Sisi sera ya kulinda watoto tulikuwa nayo tangu mwanzo. Kurasa kumi na moja, zimegongwa muhuri, ziko kabatini kwa katibu. Mfadhili alizitaka, tukaziandika. Wakati huohuo stoo ya mipira ilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikaa mfukoni kwa kocha mmoja. Mazoezi yakiisha, alikuwa akimchagua mtoto mmoja amsaidie kurudisha mipira.

Kulikuwa na msichana mmoja, wa kwanza siku zote kufika uwanjani. Akaanza kuchelewa. Kisha mazoezi yakikaribia kwisha akawa anachutama pembeni, anafungua kamba za viatu, anazifunga, anazifungua tena, mpaka mwenzake aitwe stoo. Aliyeliona hilo ni mama anayeuza mihogo ya kukaanga karibu na goli. Mimi niliyekuwa nasimamia watoto sikuliona. Mama akanijia: "Mwalimu, yule mtoto hataki kuingia stoo. Mwulizeni." Nimebadilisha mambo kadhaa ili mtoto huyo asitambulike, lakini zile kamba za viatu ni kweli, na mpaka leo sijazisahau.

Katika kurasa zote kumi na moja, neno stoo halikuwemo. Ndiyo maana somo hili halianzii kwenye karatasi.

HATUA YA 1: Zungukeni eneo lenu kwa miguu

Muwe watatu, angalau mwanamke mmoja na kijana mmoja aliyekulia kwenye kikundi. Nendeni saa ileile watoto wanapokuwepo, si asubuhi ofisi ikiwa tupu. Kila mnapofika jiulizeni: hapa mtu mzima anaweza kukaa na mtoto bila kuonekana? Nani ana ufunguo? Choo cha wasichana kina komeo kwa ndani? Mtoto wa mwisho kuchukuliwa na mzazi anangojea wapi, na nani yuko naye? Anayekaa mbali anarudije giza likiingia?

Mtakayoyakuta mengi mnaweza kuyarekebisha siku hiyohiyo. Sisi tulihamishia mipira kwenye sanduku lililo barazani, mbele ya macho ya watu. Tukanunua makomeo mawili ya choo. Tukarudisha muda wa kufunga nyuma kwa nusu saa ili watoto wafike kwao jua lingalipo.

HATUA YA 2: Kanuni za ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa

Zibandikeni ukutani kwa herufi kubwa, na zisomwe kwa sauti kila muhula unapoanza, watoto na wazazi wakiwepo. Za kwetu zinasema hivi: mtu mzima hakai na mtoto mmoja mahali pa kujificha. Hampakii mtoto peke yake kwenye pikipiki. Hamtumii mtoto ujumbe wa simu wa faragha; taarifa zote hupita kwenye kundi la wazazi. Hapigi mtoto, wala hamtukani. Hampi mtoto mmoja zawadi ya siri. Hapigi picha bila ruhusa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na picha haiendi mtandaoni ikiwa na jina la mtoto au sare inayoonyesha shule yake.

Hiyo ya zawadi watu huiona ndogo. Soda leo, vocha kesho, kisha "usimwambie mama". Mtu anayetaka kumdhuru mtoto mara nyingi hujenga urafiki kwanza, na mzazi naye, mpaka nyumba nzima inamwamini.

HATUA YA 3: Chagueni watu wawili wa kuambiwa

Mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Msimchague mwenyekiti, wala ndugu yake. Wawe wawili kwa sababu siku moja anayelalamikiwa anaweza kuwa mmoja wao. Picha zao na namba zao zikae ukutani kwenye kimo cha mtoto, na pembeni yake namba 116, ya simu kwa mtoto, ambayo hailipiwi.

HATUA YA 4: Kumpokea anayejitolea

Fomu, kitambulisho, wadhamini wawili. Wadhamini wapigiwe simu kweli, na swali liwe moja tu: "Ungemwachia mwanao?" Sikilizeni na ukimya unaokuja kabla ya jibu. Ulizeni pia kikundi alichotoka na sababu ya kuondoka. Wanaoweza kuleta cheti cha polisi cha tabia njema walete, ila cheti safi hakina maana kwamba mtu ni salama. Kesi nyingi hazijawahi kufika polisi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uliowahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakufika kwenye huduma yoyote. Na tafadhali msipite haraka hapo kwenye wavulana.

Miezi mitatu ya mwanzo mgeni awe na mwenzake wakati wote.

HATUA YA 5: Mtoto akikuambia

Hapa ndipo watu wema huharibu mambo kwa haraka zao. Keti chini, macho yenu yalingane. Acha aseme kwa maneno yake na kwa mwendo wake. Usimwulize "kwa nini hukupiga kelele", wala "kwa nini hukusema mapema", maana atasikia kwamba kosa ni lake. Usimtilie maneno kinywani: ukimwuliza "alikushika hapa?" umeshamjibia. Mwambie tu, "Endelea, nakusikiliza," au "Halafu ikawaje?"

Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie ukweli: "Umefanya vizuri kuniambia. Kosa si lako. Nitalazimika kumweleza mtu anayeweza kutusaidia, na nitakuambia ni nani." Usimvue nguo kumkagua, hiyo ni kazi ya daktari. Wala usimwite mtuhumiwa kumhoji, maana utampa nafasi ya kumtisha mtoto au kutoroka.

Akimaliza, andika papohapo kwenye daftari la matukio: tarehe, saa, mahali, na maneno ya mtoto kama yalivyotoka. Akisema "ananifanyia tabia mbaya", andika "ananifanyia tabia mbaya". Usigeuze ukaandika "alibakwa". Tia saini. Daftari lifungiwe, na walisome wale wawili tu.

HATUA YA 6: Ripotini siku hiyohiyo

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Hamngoji kikao. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Mkikwama, pigeni 116.

Kama ni ukatili wa kingono na umetokea siku chache zilizopita, saa zina thamani kubwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kila zinapowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi. Mtoto asiogeshwe kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zifungwe kwenye bahasha ya kaki au gazeti, si mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hufukuta na kuharibu ushahidi. Fomu ya PF3 ya polisi inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini mtoto asikae nje akivuja damu wakati mnaihangaikia. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono nendeni huko moja kwa moja, kwani daktari, polisi na ustawi wa jamii wapo mahali pamoja.

Halafu kuna kumalizana. Mtawaona wajomba wanakuja, wanakaa na familia ya mtuhumiwa, inatajwa fedha, inatajwa mbuzi, na jioni mnaambiwa "yameisha". Kwa mtoto hayajaisha. Kesho atakutana na mtu yuleyule kisimani. Kikundi chenu kisikubali kuwa baraza la kikao hicho, kisitoe viti, kisitume mwakilishi wala shahidi. Nalisema kwa ukali kwa sababu nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo nikiwa kijana, nikanyamaza.

HATUA YA 7: Watu wazima

Wazee, wagonjwa wa kitandani, watu wenye ulemavu wa akili, viziwi wasio na mkalimani. Tofauti yao na mtoto ni kwamba mtu mzima mwenye uwezo wa kuamua ana sauti juu ya maisha yake: mwulize anataka nini kabla hujakimbilia ofisini, isipokuwa pale uhai wake unapokuwa hatarini.

Kwa wazee, madhara mengi tuliyoyaona ni ya fedha. Kijana wetu alikuwa akimsaidia babu mmoja kutoa hela kwenye simu. Alianza kwa kusomewa namba ya siri, akaishia kuikariri. Sasa kanuni yetu ni kwamba mwanachama hashiki namba ya siri ya mtu. Mzee huibonyeza mwenyewe, na asiyeona humteua ndugu yake mbele ya mashahidi wawili.

Na nyinyi wa Kanda ya Ziwa, mkisikia minong'ono kwamba "bibi fulani si mtu mzuri", msiichukulie kama umbea. Bibi aliyepika miaka hamsini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe macho yake huwa mekundu kwa moshi, na kwa wekundu huo kuna bibi waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Minong'ono ikianza, mtendaji na polisi wajulishwe siku hiyo, na bibi asilale peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Anayetajwa kwetu ni kiongozi wa dini anayeheshimika. Wazee wanasema tutaichafua nyumba ya ibada.

Marahaba. Ripoti inataja mtu na tendo, haitaji dini. Pelekeni taarifa kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri badala ya kuishia mtaani, ambako wote ni waumini wake. Na asiwe karibu na watoto kwa kipindi chote cha uchunguzi.

Je, kama mtoto amesema uongo? Tutakuwa tumemharibia mtu maisha.

Ndugu yangu, kupima ukweli ni kazi ya wapelelezi na mahakama. Kazi yenu ni kupokea na kupeleka. Mtuhumiwa aambiwe, baada ya kushauriana na polisi, kwamba anapumzishwa mpaka uchunguzi uishe, bila kutangazwa kwenye kundi la simu. Usiri huohuo unamlinda na yeye.

Nilishamwahidi mtoto kwamba sitasema. Sasa nifanyeje?

Rudi kwake leo. Mwambie ulikosea kuahidi, mweleze unayekwenda kumwona na sababu. Atakasirika, pengine atalia. Kaa naye mpaka atulie, kisha nenda ukaripoti.

Niko Garissa. Kwetu kikao hicho cha kumalizana wazee hukiita maslaha, na chifu mwenyewe hukaa hapo.

Namba 116 inafanya kazi Kenya pia. Mnayo Sheria ya Watoto ya 2022 na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na kosa la kingono dhidi ya mtoto ni jinai, si deni la ukoo. Kama chifu yumo kwenye maslaha, mrukeni, mwende kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Sisi tuko Unguja, tunasindikiza wazee kuchukua pensheni jamii. Kuna mjukuu anazichukua zote.

Pensheni hiyo ya wenye miaka 70 na zaidi ni haki ya mzee mwenyewe. Zungumzeni na mzee faraghani kwanza, mjukuu asiwepo, mjue anataka nini. Akikubali, mpelekeni kwa sheha na kwa ustawi wa jamii, wapange namna nyingine ya kuzipokea. Kwa kesi za udhalilishaji wa watoto, mnayo Sheria ya Mtoto ya 2011, na Kituo cha Mkono kwa Mkono kipo Mnazi Mmoja.

Sisi ni watu sita tu, hatuna hata ofisi. Haya yote tutayaweza?

Mnahitaji daftari, karatasi ya ukutani na watu wawili wa kuambiwa. Stoo kama hamna, basi mmeshapungukiwa mlango mmoja wa hatari. Tembeeni tu njia ambayo watoto hurudia nyumbani.

Mwalimu, yule msichana wa kamba za viatu yuko wapi sasa? Na kocha alifungwa?

Dada, najua unauliza kwa huruma. Lakini habari zake ni zake, sitazisema hapa. Kocha hayupo tena kwetu, na kesi ilipelekwa panapohusika. Ninachoweza kukuambia ni cha mama wa mihogo: tulimwomba awe mmoja wa wale wawili wa kuambiwa. Alisema hajui kuandika vizuri, tukampa kijana wa kumwandikia. Picha yake iko ukutani.