Lindi na Mtwara kwa gari lako mwenyewe: njia za bahari, za msitu na kona zake

Watu wengi wakija huku kusini wanakanyaga mafuta toka Dar mpaka Mtwara, wanafika usiku wamechoka, halafu kesho yake wanasema njiani hamna kitu. Vipo tena vingi, ila lazima ujue uchepuke wapi na saa ngapi. Nawaandikia hasa wenye gari za kawaida, IST, Noah, Raum na wenzake, siyo lazima uwe na Landkruza, na pale ambapo gari la chini lisiende nitasema.

La kwanza ambalo watu hawaliwazi ni jua. Kutoka Mtwara kwenda Mingoyo, pale njia panda ya Lindi na Masasi, unaelekea magharibi, kwa hiyo ukilala Mtwara ukaondoka asubuhi jua liko mgongoni, na jioni ukirudi liko mgongoni tena, safari nzima unaona vizuri. Ukilala Lindi ukaenda Mtwara na kurudi inakuwa kinyume, asubuhi jua la usoni na jioni jua la usoni, na hiyo jioni ndo watu wanarudi toka shamba na baiskeli na watoto wanavuka. Mimi nashauri lala Mtwara, kioo cha mbele kifute ndani na nje kabla hujaondoka.

Lindi mpaka Mtwara ni lami, kilomita mia na kidogo. Usitegemee kuona bahari muda wote, sehemu kubwa barabara iko ndani kwenye mikorosho na minazi. Bahari utaipata Lindi mjini kwenye ghuba, halafu ukiwa unaelekea Mingoyo unaona mikoko ya mto Lukuledi, halafu Mikindani, na Mikindani ndo penyewe jamani. Unashuka, ghafla maji yako pembeni yako kabisa, mitumbwi, nyumba za mawe za zamani. Paki gari utembee kwa miguu. Lile boma la Mjerumani lilijengwa 1895 na bado limesimama, na Livingstone, yule mpelelezi wa Kiingereza, alianzia hapohapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Toka Mtwara ni kama kilomita 10 tu, watu wanaishi Mtwara miaka hawajawahi kusimama, inaniuma kweli. Ukiingia Mikindani punguza mwendo mpaka 50 au chini ya hapo, nyumba ziko barabarani, bajaji zinageuza popote, na watoto wa shule hawaangalii.

Sasa kona. Breki unakanyaga kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka, siyo ndani ya kona. Ukishaingia shikilia mwendo mdogo, baki kushoto kwako, usiikate kona kupitia upande wa kulia hata kama unaona kweupe, maana bodaboda aliyebeba mkaa anatokea hapohapo na yeye kaikata. Kwenye mteremko mrefu, kama gari ni otomatiki, usishuke na D huku umelalia breki, weka 2 au L, kama ni manyuo (gia za mkono) shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imekuwa laini tafuta sehemu pana usimame upumzishe gari, na breki zenye moto usizimwagie maji hata kama kuna mtu anakuletea ndoo, chuma kinaweza kupinda au kupasuka. Na ukikuta matawi ya miti yamelazwa barabarani ujue mbele kuna lori limeharibika, mara nyingi liko kwenye kona kabisa, hiyo ndo ishara yetu na inaokoa watu kuliko pembetatu.

Kwa pwani tupu nenda Msimbati, ni kama kilomita 40 hivi toka Mtwara mjini. Ule ni ukanda wa hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya mto Ruvuma, ipo tangu 2000, kwa hiyo kuna kiingilio, lipa na uchukue risiti. Mchanga ukianza kuwa mwingi punguza upepo wa tairi, kama unatembea na psi 30 shusha mpaka 20 hivi, nenda taratibu bila kusimama na bila kukata usukani kwa nguvu, na uwe na pampu ndogo ya kujazia ukirudi kwenye njia ngumu, usikimbie na tairi laini. Likizama usizidishe mafuta, litajichimbia, toka nje ondoa mchanga mbele ya tairi, tandika makuti. Ila ufukweni kwenyewe msiingie na gari nawaomba sana, kasa wanataga kule na tairi inaponda mayai huwezi hata kujua. Acha gari juu chini ya mivinje.

Msitu ni Rondo. Unaiacha barabara ya Masasi upande wa Mtama unapandisha, huko juu kuna misitiki ya kupandwa na msitu wa asili, na humo ndani anaishi komba mdogo sana anayeitwa komba wa Rondo, ni wa misitu michache tu ya pwani ya Tanzania na hayupo nchi nyingine. Hifadhi iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, pita ofisini kwao kwanza, watakupa kibali na mtu wa kukuongoza. Barabara ni ya udongo, kwa hiyo ni safari ya kiangazi, Juni mpaka Oktoba. Mvua zikishaanza, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, usipeleke gari la chini, udongo ukilowa unateleza gari linakwenda pembeni lenyewe. Hata kiangazi, kwenye kivuli cha miti huoni mashimo, toka juani ukiingia kivulini punguza kwanza macho yazoee, piga honi kwenye kona zisizoonekana, na ukiona vumbi mbele ujue ni lori, simama pembeni lipite. Mafuta jaza kabisa kabla ya kupanda, yale ya kwenye chupa siyaamini. Mtandao unakatika, ramani pakua mapema, na pale Mtama shuka usalimie wazee shikamoo, uliza njia ipi inapitika wiki hii, simu haiwezi kukwambia hilo.

Ukitaka la kufungia nenda Newala, uwanda wa Makonde unakatika ghafla, unasimama Shimo la Mungu unaona bonde lote mpaka upande wa Msumbiji. Toka Mtwara lami inafika Mnivata, kilomita 50, kutoka hapo kupitia Tandahimba ujenzi umekuwa ukiendelea, tegemea michepuko na vumbi, na msimu wa korosho kuanzia Oktoba malori ya magunia ni mengi balaa. Hiyo usiifanye ya kwenda na kurudi siku moja. Fika mchana, kula ming'oko, ile mizizi ya porini, kama ipo, lala hukohuko, gari uligeuze asubuhi.