Chakula cha Gharama Nafuu kwa Kuku Wachache wa Mayai
Ukifuga kuku kumi wa mayai hapa Malindi, usiangalie bei ya gunia peke yake, bali piga hesabu ya siku: kuku mmoja anayetaga hula takriban gramu 120 kwa siku, hivyo gunia la kilo 70 litawatosha kuku hao siku 58 hivi. Chakula hicho kiwe na protini ya asilimia 16 hadi 18, kwani pumba za mahindi peke yake hushibisha tu, na mayai hupungua.

Kwa maoni yangu, nafuu kubwa ipo katika dagaa na machicha ya nazi, ila vyote viwili vinataka uangalifu. Dagaa waliotiwa chumvi nyingi huwaharisha kuku. Lamba mmoja kabla hujanunua. Machicha yaliwe siku ileile nazi ilipokamuliwa, au yaanikwe juani hadi yakauke kabisa na kuvunjika vidoleni, kwa kuwa joto letu huyachachisha upesi. Mahindi yenye ukungu usiwape kamwe, hata yakiuzwa nusu bei, maana sumu ya kuvu haiondoki kwa kuanikwa.

Ganda la yai likiwa jembamba, huenda chokaa imepungua: ponda makombe ya chaza yaliyooshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, uyaweke katika chombo cha peke yake, kila kuku ajidonolee kiasi anachohitaji.