Usiifue Kwanza: Namna ya Kusoma Skapulari ya Bibi

Tumsifu Yesu Kristo! Mmenitumia picha nyingi za vitambaa vilivyokutwa kwenye masanduku ya marehemu, na karibu kila mtu anauliza atumie sabuni gani. Usitumie yoyote. Mimi skapulari ya bibi yangu, kitambaa cha ibada ambacho Mkatoliki huvaa shingoni, niliiloweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya unga. Sufu ikasinyaa, rangi ya kahawia ikavujia picha ya Mama Maria. Ninayo bado, usoni limebaki jicho moja.

Hatua ya 1: hesabu vipande. Skapulari ilitokana na vazi la watawa, kitambaa kirefu kinachopita mabegani na kuning'inia mbele na nyuma. Walei, yaani waamini wasio watawa wala mapadri, walipewa ufupisho wake: vipande viwili vidogo vya sufu, kimoja kifuani, kingine mgongoni, vimeunganishwa kwa kamba. Ukikuta kimoja tu, tafuta matundu ya sindano ukingoni, huenda mwenzake alikatika. Ila ya kijani, iliyoanzia kwa watawa wa Mt. Vinsenti wa Paulo huko Paris mwaka 1840, ina kipande kimoja tangu mwanzo.

Hatua ya 2: rangi. Kahawia ni ya Mlima Karmeli, nyeusi ya Mateso Saba ya Bikira Maria, buluu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, nyekundu ya Mateso ya Bwana, nyeupe yenye msalaba wa nyekundu na buluu ni ya Utatu. Zikishonwa zote tano pamoja kama kurasa, kamba huwa nyekundu. Nyeusi ikipauka hufanana na kahawia, kwa hiyo chungulia ndani ya pindo, mahali jua halijafika.

Hatua ya 3: geuza nyuma. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Mbele kila mshonaji amejipamba; nyuma kuna mafundo, uzi ulioruka kutoka ua hadi ua, mishono mirefu iliyofuatiwa na mifupi pale alipochoka au taa ilipofifia. Ndiyo alama ya mkono. Lakini mshono wa cherehani si ushahidi kwamba kitu ni kipya, maana cherehani zilikwisha enea karne ya 19.

Hatua ya 4: maneno. Moyo uliotariziwa ukiwa na "Arrête!" (Kifaransa) au "Detente" (Kihispania), yaani "Simama!", unaiambia hatari isimame, Moyo wa Yesu upo hapa. Wakati wa tauni ya Marseille, Ufaransa, 1720, Sista Anne-Madeleine Rémuzat na wenzake walitengeneza beji za Moyo Mtakatifu wakazigawa. Mwaka 1793 wakulima wa Vendée, hukohuko Ufaransa, walizishona kwenye nguo zao wakaenda vitani.

Hatua ya 5: papasa. Kifuko cha hariri chenye kisahani kigumu huenda ni Agnus Dei: nta ya Mshumaa wa Pasaka yenye chapa ya Mwanakondoo, iliyobarikiwa na Papa. Usikifumue, wala usikiache kwenye gari juani.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Vumbi nalitoaje basi?
Marahaba. Tandaza kipande cha neti juu yake, pitisha brashi laini kuelekea upande mmoja. Doa liache.

Naweza kuivaa ya bibi?
Padri humvika mtu mara moja. Ukishavikwa, skapulari nyingine ya kitambaa unaivaa tu. Ila hiyo imechoka, vaa mpya. Tangu 1910 hata medali inaruhusiwa. Binafsi napenda kitambaa. Mwenyeheri Isidore Bakanja wa Kongo alichapwa viboko kwenye shamba la mpira kwa kukataa kuivua yake, akafa kwa vidonda hivyo mwaka 1909.

Kuna mtu anataka kuninunulia kifuko. Nimuuzie?
Muulize padri kwanza kilichomo. Kama ni masalia ya mtakatifu, yaani kipande cha mwili wake au cha kitu chake, hayauzwi kabisa, sheria ya Kanisa iko wazi.

Na iliyooza kabisa?
Choma au zika, isiende jalalani.

Mbona wewe hukuizika ile ya jicho moja?
Namwonyesha kila mwanafunzi mpya kabla hajagusa beseni.