Kabla hujafunga maboksi: mambo ya kuzingatia ukiamua kurudi nyumbani

Simu zinaanza mwezi wa nane, majuu baridi ikibisha hodi. "Dada, mwakani narudi moja kwa moja. Nimechoka." Namuuliza ameanza na nini. Jibu ni lilelile kila mwaka: ameanza kununua vitu. Kapata friji kwa bei ya kutupa, kapata sofa, yuko mbioni kutafuta kontena.

Weka sofa chini, tuongee. Nilikaa Reading, Uingereza, miaka 16 nikilea wazee wa watu, na mimi nilianza na vitu. Ningejua, ningeanza na karatasi, zikafuata nafsi yangu na miguu yangu, mzigo ukaja mwisho kabisa. Ukiuvuruga mpangilio huo utalipa, na utalipa kwa dola.

Karatasi ya kwanza ni ya uraia. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Siku ulipoapa na kupiga picha na bendera yao, huku ulishakuwa mgeni, hata kama kitovu chako kimezikwa Korogwe. Utaingia kwa viza, na ardhi hutaimiliki kama raia. Kile kiwanja unachotumiwa picha zake kila Jumapili kinahitaji mwanasheria kabla hakijahitaji fundi. Serikali imekuja na hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, basi nenda Uhamiaji ukaulize masharti yake kwa mdomo wako, usitegemee voisi ya kwenye kundi la WhatsApp. Hadhi si uraia. Wakenya wenzetu mna nafuu: Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha, na aliyeupoteza uraia wake wa kuzaliwa anaweza kuomba arudishiwe. Kama una watoto wenye pasipoti mbili, huku kwetu wakifika miaka 18 watatakiwa kuchagua. Waambieni mapema, wasije wakalisikia uwanja wa ndege.

Kama bado ni raia wa Tanzania, NIDA, yaani kitambulisho cha taifa. Usisubiri kurudi jumla, fanya ukiwa likizo. Bila ile namba laini ya simu husajiliwi, benki watakuzungusha, TIN, ile namba ya mlipakodi, hupati kirahisi.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisema mezani. Waliojilipua, yaani walioomba ukimbizi kwa jina lisilo lao, wanajijua. Kule unaitwa hivi na umezaliwa mwaka huu, huku cheti cha kuzaliwa kinasema vingine. Mafao yako yako kwenye jina la kule. Huku utajitambulisha kwa lipi? Mtafute mwanasheria ukiwa bado huko. Sikuhukumu, ila nimemwona mtu mzima akilia benki kwa sababu ya herufi tatu, na zile zilikuwa herufi tu, sio jina zima.

Pensheni sasa. Uingereza inataka angalau miaka 10 ya michango ndipo upate chochote, na kwa kawaida 35 upate kamili. Kuna watu wana miaka tisa na nusu na wanakata tiketi! Ingia kwenye akaunti yako ya serikali uhesabu. Ujue pia kwamba ukiipokelea Tanzania au Kenya haipandi kila mwaka kama inavyopanda kwa aliyebaki kule; kiwango ulichoanza nacho ndicho utakachozeeka nacho. Kwa kibali chenu cha ukaazi wa kudumu, ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo kimekufa. Wa Marekani, mwenye green card akizidisha mwaka nje bila kibali cha kurudia anajitafutia maswali mpakani. Usichome daraja kwa sababu ya hasira za Januari.

Na namba yako ya simu ya kule usiikate. Benki yako ya kule hutuma zile tarakimu za uthibitisho kwenye namba hiyo, na ukiikata umejifungia nje ya hela zako mwenyewe. Iweke kwenye laini ya bei ndogo kabisa, hakikisha inapokea ujumbe ukiwa Tanzania, uichezee mara mojamoja isife.

Vyeti: vya shule vinapelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, vilinganishwe, vya chuo kikuu Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Muuguzi aanze na baraza lake mapema. Ripoti za watoto shuleni, barua za uhamisho, kadi za chanjo, vyote viwe kwenye begi la mkononi. Kiwanja usinunue kwa picha. Meno na macho tengeneza huko huko.

Baada ya karatasi ni wewe. Njoo ukae miezi miwili au mitatu, na usije Desemba. Desemba ni harusi, Desemba kila mtu ana hela na kila mtu anakupenda. Njoo masika, Machi mpaka Mei, Dar ikiwa imejaa maji na daladala imekwama Jangwani. Usilale kwa dada yako. Panga chumba, nunua umeme wako wa LUKU, agiza boza maji yakikatika, panga foleni ya ofisi ya umma siku nzima ukaambiwe mhusika katoka. Ukimaliza hiyo miezi bado unataka kurudi, basi kweli unataka kurudi. Hapo pia utaonja kodi ya nyumba: wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na hiyo hesabu watu huisahau kabisa kwenye bajeti.

Sasa kontena.

Mimi na shoga yangu mmoja tulichanga tukachukua kontena la futi 40. Yeye ndiye aliyelipa malipo ya awali, kwa hiyo hati ya shehena, ile watu wa bandarini wanaiita BL, ikaandikwa jina lake. Sikuona tatizo, tulikuwa kama ndugu. Upande wangu kulikuwa na vitanda viwili, mashine ya kufulia, cherehani, vyombo, na kiti cha magurudumu cha mama, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkatalia. Upande wake sikuukagua. Nani anakagua maboksi ya shoga yake?

Kontena likaondoka. Mimi nikabaki kumalizia notisi kazini. Wiki moja kabla ya safari yetu binti yake akalazwa, naye akaahirisha. Nilimpa pole kwa moyo wote, na nikapanda ndege peke yangu.

Bandarini ndipo nilipoisoma namba. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe kodi mtu anayehamishia makazi yake huku: vitu vyake vya nyumbani alivyokwisha kuvitumia, na hata gari moja, mradi alilimiliki na kulitumia nje kwa miezi 12 au zaidi. Kitu kizuri kabisa. Lakini anasamehewa mtu aliyehama. Mwenye jina kwenye hati alikuwa Reading wodini na mwanawe, pasipoti yake haina muhuri wa kuingia. Mimi niliyesimama pale nina muhuri, sina kontena.

Tukahangaika na barua za idhini wiki tatu. Siku lilipofunguliwa ndipo nikaona friji sita, zimefungwa kwa turubai, na mabunda ya viatu vya mitumba. Shoga yangu alikuwa amepakia mtaji wa duka. Afisa hakunigombeza, alinionea huruma, na hiyo ndiyo iliuma zaidi. Akasema: "Mama, friji sita si za jikoni." Mzigo wote ukahesabiwa wa biashara, na vitanda vyangu ndani yake. Ushuru, juu yake VAT ya asilimia 18. Na zile wiki zote tulizokuwa tunabishana, gharama za kuhifadhi zilikuwa zinakimbia, na kampuni ya meli yenye kontena nayo inadai tozo ya kuchelewesha chombo chake, kwa siku, kwa dola, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.

Mama alikuwa anauliza kiti kimefika wapi. Wiki ya saba nikaenda mjini nikamnunulia kingine. Bei yake ilikuwa chini ya tozo za siku tatu za kile kilicholala bandarini.

Nilivitoa vitu vyangu mwishowe, na nilicholipa kilizidi thamani ya kila kilichokuwemo. Mashine ya kufulia ilifika Tanga nikagundua maji ya nyumba yetu yanapanda bombani saa nane usiku, yakipanda. Ipo mpaka leo, imefunikwa kitambaa, tunawekea redio.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Kontena la kushirikiana, hapana. Kama huna budi, kila mtu awe na hati yake kwa jina lake, kama liko kwenye pasipoti, na orodha ya mzigo muikague wote mkiwa mmesimama mlangoni. Wewe utangulie, mzigo ufuate: sheria inakupa siku 90 tangu ufike, na unaweza kuomba nyongeza, kwa hiyo haraka ni ya nini? Ongea na wakala wa forodha kabla ya kupakia, na umwombe akuandikie gharama zote, ikiwemo ya siku ambazo mambo yatakwama. Atakwambia hayatakwama. Aandike hivyo hivyo.

Wa Marekani msibebe vitu vya umeme, wenu ni volti 120 na wetu ni 230. Wa Uingereza hata plagi zinaingia, lakini pimeni kwanza kama sofa linapita mlangoni.

Tarehe ya kufika mwambie mtu mmoja. Ndugu wakiomba mkopo, waambie wasubiri tangu mwezi wako wa kwanza, si wa sita ukishakauka. Usisaini chochote wiki mbili za mwanzo. Usiendeshe gari usiku kwenye barabara kuu mpaka uzoee malori ya huku. Maji chemsha. Na chandarua, tafadhali: ile kinga ya utotoni iliisha ukiwa huko, malaria itakukuta kama mgeni. Ukisikia homa, usijitibu kwa panadoli, kapime siku hiyo hiyo.