Kutoa ushahidi Marekani bila kuapa kwa Mungu

Ukiitwa shahidi nawe huamini Mungu, usingoje mpaka umenyoosha mkono kizimbani. Mwambie mapema wakili aliyekuita au karani wa mahakama: "Nitathibitisha, sitaapa." Kanuni ya 603 ya ushahidi ya shirikisho inaruhusu. Karani atakuuliza kama unathibitisha kwa dhati kwamba utasema kweli. "Mungu nisaidie" inaachwa, Biblia haihitajiki. Ukidanganya, adhabu ni ileile ya aliyeapa.

Wengi hukwama kwa aibu: wanasomewa kiapo cha kawaida, wanaitikia "ndiyo" huku roho inawasuta. Mkatize karani kwa upole, neno moja tu, bila hotuba. Wazee wa baraza, yaani raia wanaoamua kesi, wanakutazama.

Kiapo cha uraia nacho kinaruhusu kuthibitisha. Mweleze ofisa wakati wa usaili.