Somo: Kesi iko mahakamani, uandike nini na uache nini

Ndugu zangu, juzi nimeona picha ya kijana ikizunguka kwenye magrupu, chini yake: "Muuaji huyu hapa, sambazeni." Kijana mwenyewe hajapandishwa hata kizimbani. Imeniuma, ndiyo maana naandika.

Kwanza, jua kesi imefika wapi. Anayeshikiliwa polisi ni mtuhumiwa. Akisomewa mashtaka ni mshtakiwa. Muuaji, tapeli, mbakaji: maneno hayo yasubiri hukumu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika.

Pili, picha. Hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Shahidi aliyemwona mwizi usiku huitwa kwenye gwaride la utambulisho, amtoe katikati ya watu wanaofanana naye. Kama picha ilishaingia kwenye simu yake, wakili wa utetezi ana swali moja tu: "Sura hii uliiona wapi mara ya mwisho?" Utambuzi unakosa uzito, na aliyeibiwa kweli anakosa haki kwa wepesi wa vidole vyetu.

Tatu, andika yaliyosemwa mahakamani kama yalivyosemwa. Kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa kosa kupotosha mwenendo wa shauri linaloendelea, au kuandika jambo linaloweza kuwavuta watu upande mmoja. Ushahidi uliosikilizwa faraghani usiuguse. Kesi ikimhusu mtoto, usitaje jina, shule wala mtaa.

Badala ya "Mwizi wa ng'ombe kanyimwa dhamana," andika "Mshtakiwa wa wizi wa ng'ombe amerudishwa rumande, kesi itatajwa Jumatatu."

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi nilifowadi tu, sikuandika.
Marahaba. Kwa uliowatumia, wewe ndiye uliyesambaza. Kama ulijua ni uongo na ukakusudia kupotosha watu, kuna kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ifute leo.

Hukumu ikishatoka, naweza kuikosoa?
Unaweza, jibu hoja za hakimu. Kumwita mla rushwa bila ushahidi ni jambo jingine. Na uliza kama kuna rufaa.

Mwalimu, aliyeibiwa ni mimi mwenyewe. Ninyamaze?
Pole sana, dada. Sema umeibiwa, ni haki yako. Lakini saa, sura na nguo alizovaa vipeleke kwenye maelezo yako polisi. Ukiandika mtandaoni kwamba ilikuwa saa mbili, kisha kizimbani ukasema saa nne, posti yako itasomwa mbele yako.